Pini ya Jumatatu

Langas, Eldoret
4 Agosti 2024

Mjomba Wesonga,

Mulembe. Sisi huku tuko, tena wazima, isipokuwa paa la jikoni linalovuja mahali pale pale nilipoliziba. Mama amekuja kukaa nasi mwezi huu na ameshakosana na majirani wawili, kwa hivyo dada yako Nelima ana afya njema. Jepkemboi wangu anakusalimu. Amekutumia mursik, yale maziwa yao ya mgando, ndani ya chupa. Ifungulie nje, maana ya mwaka jana nasikia ilifika darini. Goti la Mama Nanzala linaendeleaje? Na mahindi?

Naandika kwa sababu ulisema simu kwako siku hizi ni nyuki ndani ya mtungi. Barua haina kelele. Nitaipeleka kaunta ya mabasi, wao waifikishe Kimilili kwa duka la Nicanor, ikungoje hapo mpaka siku yako ya soko.

Sasa neno lenyewe. Kuna mzee huko Kapseret anaitwa Kipchumba, mwalimu mkuu mstaafu. Ana gari la michezo la Kiingereza, MG ya mwaka wa sitini na saba, viti viwili, paa la turubai, rangi nyekundu. Limelala ghalani na kuku tangu mwaka wa tisini na sita. Binti yake Jerop anaolewa Jumamosi tarehe kumi na nne Desemba, na mzee ameapa mbele ya kamati ya harusi kwamba atampeleka kanisani kwa gari hilo, akiliendesha mwenyewe. Kamati imeandika kwenye ratiba. Kitu kikishaandikwa kwenye ratiba huko Kapseret, hata mvua hukiheshimu.

Injini nimeiamsha, inaongea vizuri. Shida ni klachi. Ukikanyaga mpaka chini, gia ya kwanza inalia kama mbuzi anayepelekwa sokoni, na rivasi haiingii kabisa mpaka uzime injini. Ukifaulu kuingiza gia, mguu ungali kwenye klachi, gari linatambaa. Nimetoa hewa kwenye bomba la mafuta ya klachi mara tatu. Mafundi watatu walishamwambia mzee kwamba giaboksi imekufa. Jirani yangu Thuo, mwenye banda la kushoto, anasema tung'oe kila kitu tuweke cha Probox. Kwa Thuo hakuna ugonjwa usiotibiwa na Probox.

Najua ulitengeneza magari ya aina hii ukiwa kijana hapa Eldoret. Najua pia ni miaka kumi na moja tangu uliponifukuza gereji yako ya Kimilili, baada ya miezi mitano tu, kwa ajili ya ule msumari niliouweka mahali pa pini kwenye breki ya mkono ya pikapu ya kanisa. Ulisema, "Msumari ni wa paa. Nenda ukaezeke." Nilikwenda. Sikuezeka. Mengine yote nilijifundisha mwenyewe. Kila Krismasi tunakula pamoja kwako, tunaulizana habari za ng'ombe, firigisi ya kuku inapita mbele yangu kwenda kwa wanaume wenye kazi, na magari hatuyataji.

Lakini Mzee Kipchumba aliponiuliza nilifundishwa na nani, nilimwambia ni Wesonga. Si uongo, miezi mitano ni mafunzo. Kwa hivyo klachi hii ikinishinda, jina litakalosemwa harusini halitakuwa langu peke yangu.

Mpwa wako,
Walubengo


Kimilili
29 Agosti 2024

Walubengo,

Mulembe nawe. Mursik ilifunguliwa nje, ikampata jogoo. Amepona. Goti la Nanzala linatabiri mvua kuliko redio. Mahindi ni mazuri, hata nyani wanakubali. Mwambie Nelima agombane na majirani wake mwenyewe.

Barua yako ilikaa kwa Nicanor wiki mbili kwa sababu aliifanya alama ya ukurasa kwenye kitabu chake cha nyimbo. Ndiyo maana nimechelewa. Hakuna sababu nyingine.

Jina langu ungeliacha huku Kimilili. Lakini umeshalipeleka Kapseret, basi sikiliza. Klachi ya gari hilo haivutwi na kamba, inasukumwa na mafuta. Mguu unasukuma pedali, pedali inasukuma pampu ya juu, mafuta yanashuka kwenye bomba, pampu ya chini inasukuma fimbo, fimbo inafungua klachi. Ugonjwa unaweza kukaa popote njiani, na fundi mjinga huanzia mwisho wa njia kwa sababu huko ndiko kwenye chuma kingi. Sahani ya klachi ya gari hilo huwezi kuiona bila kutoa injini nzima. Usiitoe. Mtu anayeumwa jino hapasuliwi tumbo.

Fanya hivi. Lala chini ya gari, mtu mwingine akanyage pedali mpaka mwisho. Pima ile fimbo ya pampu ya chini imetoka kiasi gani. Ikitoka nusu inchi, mgonjwa ni klachi. Isipofika nusu inchi, mgonjwa yuko juu. Anzia mguuni. Narudia, anzia mguuni.

Nina swali, ni la kujua tu mwaka wa gari. Chini ya hiyo rangi nyekundu kuna kijani? Na kiti cha kushoto, upande wa mlango, kuna alama ya moto wa sigara, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba?

Thuo mwambie Probox ni gari zuri sana la kubebea mayai.

Mjomba wako,
Wesonga


Langas, Eldoret
22 Septemba 2024

Mjomba,

Mulembe. Mama amerudi kwake, majirani wameanza kutusalimu tena. Mvua haijatupa nafasi, na Jepkemboi ameweka sufuria chini ya paa la jikoni. Anasema sufuria hiyo ndiyo fundi pekee aliyemaliza kazi nyumbani humu. Thuo nilimpa ujumbe wako. Alicheka, halafu akaacha kucheka.

Kuhusu injini, nimekusikia. Iko salama na imepata hewa safi. Nasema tu kwa jumla, si kwa kesi hii, kwamba mteja wa hapa haamini kazi imeanza mpaka aone injini ikining'inia kwa mnyororo. Ukimwambia umeshinda siku nzima ukifikiri, anakuangalia kama mtu aliyekukuta umelala. Na barua yako ilichukua karibu mwezi.

Sahani ya klachi ni nzima kabisa, safi pande zote mbili kama mtoto wa Jumapili. Hata ile bearing yake ya makaa bado ni nene. Usiniulize nimejuaje.

Nilipima kama ulivyosema. Jepkemboi alikanyaga, mimi nikalala chini na rula ya shule ya mtoto. Robo inchi na uzi kidogo. Kwa hivyo ulisema kweli, mgonjwa yuko juu. Nikaagiza raba mpya za pampu zote mbili kutoka Nairobi, na bomba jipya, maana la zamani lilikuwa limevimba ndani kama koo la mtu mwenye homa. Zikachukua siku kumi kufika. Nikafunga, nikatoa hewa, nikapima tena. Robo inchi na uzi kidogo. Jepkemboi anasema pedali inashuka kwanza bure, kama ngazi iliyokosa kidato, ndipo inashika. Nilimwambia hiyo ni hisia ya mtu asiye fundi. Naandika tu ujue amesema nini.

Jumamosi Mzee Kipchumba alikuja na Jerop. Mzee alizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, kama anakagua mabweni. Alipokwenda kumwambia Thuo azime redio, Jerop akanisogelea. "Fundi," akasema, "tangu baba afungue lile ghala ameanza kunyoa ndevu kila asubuhi. Mama alipofariki aliacha kabisa. Ukiona itashindikana, niambie mimi kwanza." Nilimwambia haitashindikana. Sijui nilimwambia kwa nini.

Kijani kipo, chini ya nyekundu. Alama ya sigara ipo pia, kiti cha kushoto, upande wa mlango, ukubwa ule ule uliosema. Sasa mimi nina swali. Alama ya sigara inaonyeshaje mwaka wa gari?

Mpwa wako,
Walubengo


Kimilili
27 Oktoba 2024

Walubengo,

Mulembe. Tumevuna. Nanzala anakushukuru kwa kitambaa ulichomtumia. Goti limenyamaza, basi kutakuwa na kiangazi.

Najua ulitoa injini. Mtu hajui sura ya sahani ya klachi kwa kuisikiliza. Tuyaache.

Mkeo ana masikio ya mguuni. Wewe una spana. Kati yenu wawili fundi ni mmoja, na hujamsikiliza.

Juu ya pedali, chini ya boneti upande wa dereva, kuna kisanduku cha bati chenye kifuniko kilichofungwa kwa skrubu. Watu huwa hawakifungui kwa sababu skrubu zake ni za kutukanisha. Kifungue. Ndani utaona uma wa pampu ya juu umeshikwa kwenye pedali kwa pini moja. Itazame hiyo. Utakachokiona usikicheke.

Nimefunga kifurushi. Ndani ya kopo kuna pini. Ni ya gari hilo hilo. Itoe kwenye karatasi yake, ifute grisi ya zamani, upake mpya, uiweke. Mwishoni uifunge kwa kile kijiwaya chake cha kukunja. Nacho kimo humo.

Swali lako la sigara nimelisoma.

Wesonga


Langas, Eldoret
10 Novemba 2024

Mjomba,

Mulembe. Huku tumeona jua siku nne mfululizo, nimeziba paa tena, nangoja mvua iniambie ukweli. Mtoto alikuwa wa pili kwenye mbio za shule. Aliyekuwa wa kwanza anatoka Kapseret, hatukukata rufaa.

Kifurushi kilifika salama. Skrubu za kile kifuniko zilinichukua asubuhi nzima, na nilizitukana kama ulivyoshauri. Nilipoinua bati sikuona pini. Niliona msumari wa inchi sita, umekatwa kwa tupa, ncha zote mbili zimekunjwa na kuzungushiwa waya. Katikati umelika mpaka umekuwa na kiuno cha nyigu. Kila mguu unapokanyaga, nusu ya safari inaliwa na huo ulegevu kabla pampu haijaguswa. Ndicho kidato alichokikosa Jepkemboi. Nimemwomba msamaha. Alisema niuandike, basi nimeuandika.

Sikucheka, Mjomba. Nilikaa juu ya tairi nikautazama muda mrefu. Waya wake umezungushwa kinyume na tunavyozungusha wengi wetu, kama fundi aliyeufunga hutumia mkono wa kushoto. Mafundi wa mkono wa kushoto ni wengi duniani. Mmoja namjua, huwa anakunja hata karatasi ya barua kinyume. Nasema tu kwa jumla.

Pini yako ni ya Kiingereza halisi, haijaguswa na kitu chochote ila grisi. Gazeti ulilofungia pini ni la mwaka wa sabini na nane; nimesoma habari za ng'ombe waliopotea, natumai walipatikana.

Lakini pini ilikataa kwanza. Msumari ulikuwa umeyafanya matundu ya uma na ya pedali kuwa mayai, pini mpya ikacheza humo kama kijiti ndani ya kikombe. Niliyajaza kwa shaba, nikatoboa upya kwa kipimo cha pini yako, polepole, na tupa ya mviringo. Ikaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Nikapima chini. Nusu inchi, Mjomba. Kamili. Gia ya kwanza iliingia kama mtu aliyechelewa kanisani, hakuna aliyegeuka kumtazama. Rivasi vile vile. Juzi Mzee Kipchumba aliliendesha mpaka Burnt Forest na kurudi, turubai chini, kofia ameishika kwa mkono mmoja. Thuo alitoka nje kutazama, akarudi ndani bila kutaja Probox.

Mzee aliniuliza ni nini kilichokuwa kibaya. Nikamwambia ni pini iliyochoka. Msumari uko mfukoni mwangu. Niutupe au niuhifadhi?

Mpwa wako,
Walubengo


Kimilili
15 Novemba 2024

Walubengo,

Mulembe. Nanzala mzima, mimi mzima, ng'ombe amezaa dume. Safari hii sikungoja siku ya soko. Nimekuwa nikienda kwa Nicanor kila asubuhi, mpaka akadhani nimeokoka na nataka kitabu chake cha nyimbo.

Usiutupe.

Mwaka wa sabini na nane nilikuwa nafanya kazi gereji ya Singasinga mmoja, nyuma ya stesheni ya reli hapo Eldoret. Gari hilo, likiwa kijani, lilikuwa la Mzungu mkulima wa pareto huko Timboroa. Alama ya sigara ni yake. Aliichoma akicheka mbele yangu. Ijumaa jioni pini ya pedali ilimkatikia mjini. Nyingine ilikuwa Nairobi. Singasinga alikuwa ameshaenda zake, na yule Mzungu alitaka kulala nyumbani kwake. Nikakata msumari. Nikamwambia, "Huu ni wa kukufikisha tu. Rudi Jumatatu."

Jumatatu pini ilikuja na treni. Niliipaka grisi nikakaa nayo mlangoni. Hakuja. Jumanne hakuja. Wiki iliyofuata watu wakasema kuna gari dogo la kijani limeanguka kwenye kona za Timboroa. Wengine walisema mtu amekufa. Sikuuliza zaidi. Mtu anayeogopa jibu hupenda kuwa na kazi nyingi. Kabla ya Krismasi nilirudi Kimilili nikafungua gereji yangu, na hakuna msumari ulioingia mle mpaka ulipouleta wewe.

Siku ile ya pikapu ya kanisa sikukuona wewe. Niliona kona za Timboroa. Ulistahili kuelezwa, na mimi nikakupa maneno ya paa. Ni kosa, na ni langu, na limekaa miaka kumi na moja.

Ulipoandika kuhusu gari hili nilijua ni hilo kabla hujanijibu kuhusu kijani. Lakini gari lililoanguka hunyooshwa likapakwa rangi. Mtu hanyooshwi. Kwa hivyo nakuuliza, na nimechelewa miaka arobaini na sita kuuliza: yule mtu alifika?

Wesonga


Langas, Eldoret
20 Novemba 2024

Mjomba,

Mulembe, na hongera kwa dume. Salamu nyingine nitazileta Krismasi, maana najua hutazisoma kabla ya jibu.

Alifika.

Nilipopata barua yako nilifunga banda saa tano mchana, nikachukua boda mpaka Kapseret. Nilimkuta Mzee Kipchumba anapolishi taa za gari kwa soksi. Nikamuuliza alilinunua kwa nani. Akaniambia: kwa Mzungu wa pareto wa Timboroa, mwaka wa themanini na tano, siku ya soko Burnt Forest. Walipeana ufunguo mkono kwa mkono. Anasema alikuwa mtu mnene, mwekundu, mwenye afya ya kukera, na alilalamikia mvua muda wote walipokuwa wakiandikiana hati ya mauzo. Kisha akamwonyesha pedali. Mzee alimwiga sauti, na naandika kama alivyosema: "Hii klachi ilitengenezwa na kijana mmoja wa mkono wa kushoto pale Eldoret. Aliniambia nirudi Jumatatu. Nikaona imeshika, sikurudi. Usimruhusu mtu yeyote aiguse."

Mzee hakumruhusu mtu. Akaliendesha miaka kumi na moja zaidi, mpaka gia zilipoanza kulia. Kwa hivyo ule wa kumfikisha nyumbani ulimfikisha, na ukamfikisha na mwalimu mkuu shuleni, na mabinti wake kanisani, na marehemu mkewe hospitalini siku aliyozaliwa Jerop. Miaka kumi na minane, Mjomba. Sisemi ulikuwa pini. Nasema tu uliifanya kazi ya pini kwa adabu.

Tena, nimelitazama gari lile mabati yake yote, ndani na nje, maana mimi ndiye niliyelisugua. Halijawahi kunyooshwa mahali popote. Hata mlango. Lililoanguka kwenye kona lilikuwa gari la mtu mwingine, Mungu amrehemu kama alikufa, na halikuwa na msumari wako.

Mzee aliniuliza kama namjua huyo kijana wa mkono wa kushoto. Nikamwambia nitaulizia.

Harusi ni tarehe kumi na nne. Kuna kiti.

Walubengo


Kimilili
1 Desemba 2024

Walubengo,

Mulembe kwako, kwa Jepkemboi na kwa mkimbiaji.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya pili niliisoma kwa sauti, Nanzala akaisikia kwa niaba yangu. Alikwenda nje kuangalia ndama, akakaa huko muda mrefu kuliko ndama anavyohitaji.

Kuyajaza yale matundu kwa shaba, hilo mimi sikuliwaza. Ningeweka pini tu nikashangaa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Mwambie Mzee Kipchumba kwamba yule kijana amepatikana, ila amezeeka, na haisikii simu. Mwambie atafika Jumatatu ya tarehe tisa kuikagua pini, kabla bibi harusi hajapanda. Kama nilivyosema, Jumatatu.

Msumari uweke mahali utakapouona, lakini usiutengenezee kibao.

Nitakuja na kuku mmoja. Firigisi mwambie Jepkemboi aikate katikati.

Wesonga